Mzee Liberatus Luhwago na Ghuba ya Perege

Ndugu mliofika hapa Migoli, wengine kulia na wengine kuhakikisha, huyu tunayemzika ni Mzee Liberatus Luhwago. Alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mahali ambapo leo ni maji ya bwawa la Mtera. Alimaliza darasa la saba mwaka 1976. Walimu walimkumbuka kwa jambo moja: hata akipewa jibu sahihi, alitaka kujua limetoka wapi.

Bwawa lilipojaa aliacha jembe akashika wavu. Mwaka 1994, yeye na wenzake kumi na mmoja walianzisha ushirika wa wavuvi, akawa mwenyekiti kwa miaka ishirini na saba. Kupitia ushirika huo mlipata boti ya injini na majokofu, kwa sharti moja: ghuba wanakozaliana perege isiguswe. Marehemu alilishika sharti hilo kama amri ya kanisa.

Tarehe 8 Julai 1989 alifunga ndoa na Veneranda, binti wa wakulima wa nyanya wa Ilula. Siku ya kujitambulisha ukweni alitengewa perege. Kabla ya kunawa alimpima kwa kiganja, akauliza, "Mama, huyu mdogo hivi kavuliwa wapi?" Mama mkwe alicheka, lakini hakumpikia tena samaki maisha yake yote.

Mwaka 2020 samaki walipungua. Marehemu aliona alama za kukokotwa kwenye matope ya ghuba, akatangaza mkutanoni kuwa kuna mwanachama anavua kwenye mazalia kwa kokoro, ule wavu unaozoa mpaka vifaranga. Alimshuku kila mtu. Aliingia majikoni kuchungulia sufuria, akanusa mikono ya watu wakitoka misa.

"Mzee, taja jina au unyamaze," alisema Ezekia, makamu wake.

Hakuwa na jina. Mkamng'oa tarehe 6 Februari 2021, na wengi wenu mkaacha kumsalimia.

Figo zilianza kumsumbua Aprili 2024. Alitibiwa Iringa, kisha akahamia Mbeya kwa bintiye Eveline, muuza samaki wa soko la Mwanjelwa. Didas, mwanawe wa kwanza, alikwenda kumwona.

"Didas, wewe hulijui lile kokoro?"

"Silijui, baba."

"Haya, mwanangu. Basi mimi ndiye niliyewasingizia watu." Akamwagiza Eveline awaombe radhi wanachama wote. Alifariki tarehe 19 Mei 2025, saa nne asubuhi, akiamini hivyo.

Maneno yanayofuata hayamo kwenye ratiba mliyoshika, na mama hajayasikia. Kokoro lile lilikuwa la Didas, ndiye huyu anayewasomea wasifu. Alivua nalo mwaka mzima huku baba yake akitukanwa, na siku ya kura alinyoosha mkono pamoja nanyi. Anaona aibu, na jana alilikabidhi kwa Mwenyekiti Ezekia bila kumwambia ni la nani.

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu watano. Hakumsingizia mtu. Mungu ampe amani ambayo mwanawe alimnyima.