Kikombe cha Shubiri

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, maana leo mngekuwa mmeshakula ubwabwa wa matanga yangu.

Mnanijua, mimi Mama Elia wa Ngamiani, mpika vitumbua. Miaka miwili tumbo liliniunguza kama nimemeza kaa la moto. Shangazi yangu aliyenilea alitoka Muheza kuja kuniuguza, akawa ananikorogea shubiri kila alfajiri. Chungu, wee! Lakini kwetu dawa ya mkubwa haikataliwi. Ukiikataa, umemkataa yeye.

Tumbo halikupoa. Nikaenda hospitali. Daktari akasema atanipitisha mdomoni mpira wenye taa ndogo mbele, auteremshe mpaka tumboni, ajionee mwenyewe. Akaniagiza tangu jioni nisile wala nisinywe kitu, hata maji.

Nikatii. Alfajiri shangazi akaja na kikombe. Akasema shubiri hunywewa kabla ya kula, na mimi sijala, basi agizo la daktari halijavunjwa. Nikaona kweli. Nikanywa chote.

Hospitali daktari akauliza kama nimekula. Nikasema hapana. Maji je? Hapana. Wala sikujiona mwongo hata kidogo! Wakanilaza ubavu, wakanishika kichwa, nikauona ule mpira unakuja, mrefu, mweusi. Ndipo nesi, mama mmoja wa Kidigo, akaniinamia: "Mwanangu, na dawa ya nyumbani je?"

Nikisema, namwaibisha shangazi aliyekaa pale nje mlangoni. Nikaomba moyoni, na mdomo ukafunguka wenyewe: "Nimekunywa kikombe kizima."

Daktari akaurudisha mpira. Nesi akanifasiria kwamba ningeweza kutapika mpira ukiwa kooni, nikapaliwa, nikafa pale pale mezani. Kwa kikombe kimoja!

Wiki ya pili nilirudi mkavu kweli. Kidonda kikaonekana, nikatibiwa, na sasa nakula ugali wangu kwa raha. Namshukuru Mungu aliyenifungua mdomo. Nawe unayeumwa, mtumaini Yeye, uende kwa daktari, na ukiulizwa usifiche hata tone.

Shangazi yule pale benchi la mbele, amejifunika khanga usoni. Usilie, shangazi, ulinipa kwa mapenzi. Ndugu zangu, kumbe naye tumbo lamuunguza siku nyingi, akinificha. Kesho ni zamu yake ya mpira. Chupa ya shubiri kaniletea kwa mkono wake, nimeifungia kabatini. Mwombeeni.