Mkiisikia Sauti Yangu Redioni, Si Mimi

Mheshimiwa mgeni rasmi. Mkurugenzi wa redio yetu. Ndugu watafiti mliotoka chuo kikuu. Watangazaji wenzangu, wa zamani na wa sasa. Wasikilizaji mlioacha shughuli zenu mkaja kusimama mpaka kwenye korido. Shemeji yangu uliyeketi pale mbele na fimbo yako nyeupe. Na wewe, dada yangu, shangazi wa kila nyumba yenye redio, ambaye leo tunakuaga kazini: nawasalimu wote kwa heshima. Nisiyemtaja asininunie. Mimi sijazoea kuwa upande huu wa kioo.

Kazi yangu ni fundi mitambo. Mtangazaji anaketi mbele ya kipaza sauti, mimi naketi nyuma ya kioo, nainua kidole, yeye anaongea. Ndiyo maisha yangu hayo: kuinua kidole ili wengine waongee. Mkurugenzi aliponitaka nitoe hotuba hii nilimwambia, "Bosi, humu ndani watangazaji wamejaa tele, mimi wa nini?" Akanijibu, "Wao watasema vizuri. Wewe ulikuwepo."

Ni kweli, nilikuwepo.

Ninyi mnamjua Shangazi kwa sauti yake. Mlichemsha chai kwa sauti hiyo, mkawavalisha watoto sare za shule kwa sauti hiyo. Sisi wa ndani tunamjua pia kwa ukali wake. Kabla ya kusoma matangazo ya vifo alikuwa anawapigia simu wafiwa kuwauliza jina la marehemu linatamkwaje. Siku moja muda ulikuwa umetubana, nikamwambia, "Dada, soma tu, ni jina moja." Akanigeukia polepole. "Kwako ni jina moja. Kwa mama yake je?" Tukachelewa kuingia hewani, na aliyekaripiwa ni mimi, yeye wala! Lakini tangu siku hiyo sikumharakisha tena.

Kisha likaja lile koo. Mwanzoni tulisema ni mafua, tukasema ni vumbi la zulia la studio, tukasema ni uchovu. Daktari akasema jingine. Akasema zoloto, yaani pale kooni sauti inapozaliwa, lazima liondolewe. Uhai utabaki, sauti haitabaki. Shangazi alirudi kazini mchana huohuo, akafunga mlango, akanieleza yote kwa utulivu kama anayesoma hali ya hewa. Ndipo akasema, na hapo utulivu ukamtoka: "Kufa sikuogopi sana. Namwogopea yule mzee wangu nyumbani. Nikinyamaza, kwake nitakuwa nimekufa huku natembea."

Yule mzee ni huyu shemeji yetu. Alikuwa mwalimu wa historia, presha ya macho ikamwibia nuru akiwa mtu mzima. Ndugu zangu, mimi nikipoteza sauti nitaandika kwenye karatasi, nitamwonyesha mke wangu kwa mikono, nitakunja uso. Yeye angemkunjia nani uso? Nyumba ile ilikuwa imejengwa juu ya mazungumzo. Ondoa sauti ya mmoja, kuna nini kinachobaki?

Wakati huohuo, yule binti mwenye miwani mnayemwona katikati ya watafiti alikuwa anatafuta watu wenye sauti nzuri. Utafiti wao ulikuwa mpya: kuifundisha kompyuta kusema lugha yetu kwa sauti ya mtu fulani, ili mgonjwa aliyenyang'anywa sauti aandike kwenye simu na simu imsemee. Alipokuja hapa, hakupokewa kwa maua. Mnakumbuka habari zilivyokuwa. Kila siku tulikuwa tunasoma kwamba akili bandia imeiga sauti ya kiongozi huyu, imewaondoa makarani wa ofisi ile, imewaandikia wanafunzi kazi zao zote. Kwenye chumba cha chai watangazaji walisema waziwazi: "Leo wanachukua sauti ya Shangazi, kesho yangu, kesho kutwa tunakutana getini na maboksi mikononi." Siwezi kuwalaumu. Ni nani kati yetu hajawahi kuitazama mikono yake akajiuliza kesho itamfaa nini?

Shangazi mwenyewe alimkaribisha kwa maneno makali. "Binti yangu, mnataka kunikausha kama ngozi, mniwambe ukutani?"

Yule binti hakucheka wala hakuanza kuapa. Alisema, "Shangazi, hofu yako ni ya kweli, hata sisi tunayo. Chombo hiki kinaweza kutumiwa vibaya, na siwezi kukuahidi kwamba hakuna atakayekitumia vibaya. Ninachoweza kukuahidi ni jinsi nitakavyokitumia mimi."

Shangazi akanigeukia mimi. "Huyu hajanidanganya. Washa mitambo."

Tukaanza kurekodi. Akasoma sentensi walizomletea, moja baada ya nyingine, safi kabisa. Yule binti akasikiliza, akakuna kichwa. "Shangazi, hii ni taarifa ya habari. Nyumbani unaongea hivi?" Shangazi akacheka. "Nikiongea hivi nyumbani nitafukuzwa." Basi shemeji akaitwa studio. Tukawaketisha wawili wale mezani, vipaza sauti viwili, tukawaambia waongee tu kama wako kwao. Walitazamana... nisamehe shemeji, mmoja alitazama. Kisha shemeji akasema, "Leo asubuhi chai yangu haikuwa na sukari." Dada akadakia, "Ilikuwa nayo, hukukoroga." "Nilikoroga." "Ulikoroga meza!" Basi ikawa hivyo. Walibishana kuhusu mapazia, kuhusu dada wa shemeji, kuhusu nani alimpenda mwenzake kwanza. Watafiti walikuwa wanajifuta machozi kwa kucheka, nami nyuma ya kioo nilikuwa najifuta vilevile, ila yangu hayakuwa ya kucheka tu.

Siku ya mwisho kabla ya kwenda hospitali aliniomba nizime mitambo yote, nitoke nje, niwaache wawili. Alichomwambia mumewe kwa sauti yake mwenyewe hakimo kwenye kompyuta yoyote. Sikukisikia, na sitakiuliza.

Akafanyiwa upasuaji, akapona, akanyamaza. Alituomba tuwaambie wasikilizaji kwamba yuko likizo, maana hakutaka kuhurumiwa. Watafiti wakaendelea na kazi yao, na nyumbani wale wawili wakabuni namna yao: yeye anaandika herufi kwa kidole kwenye kiganja cha mumewe, mume anaunganisha. Polepole mno. Shemeji aliniambia, "Zamani alinigombeza kwa dakika moja. Sasa kugombezwa kunachukua asubuhi nzima."

Ndipo likatokea lile jambo. Asubuhi moja, kwenye simu za watu, ilianza kusambaa sauti ya Shangazi. Sauti yenyewe, lafudhi yenyewe, ikisema maji ya bomba ya mji mzima yametiwa sumu na asiyanywe mtu. Mnakumbuka. Watu walimwaga ndoo, walimwaga mitungi. Wengine walikwenda kuteka kwenye mtaro. Mama mmoja alitupigia simu analia, ameshamnywesha mwanawe chupa ya maziwa aliyoyachanganya na maji ya bomba, anauliza afanye nini. Mamlaka ya maji wakatoa tangazo kwamba maji ni salama. Nani aliwasikiliza? Watu walijibu neno moja tu: "Shangazi hasemi uongo."

Hapo ndipo nilipoielewa hofu ile niliyokuwa naisoma kwenye habari. Aliyetengeneza uongo ule hakuiba sauti peke yake. Aliiba imani ambayo mwanamke huyu aliikusanya kwa kuuliza majina ya marehemu yanatamkwaje.

Lawama zikamwangukia yule binti. Akaja hapa, yeye na wenzake, wakatuonyesha kwamba uongo ule umetengenezwa kutokana na vipindi vyetu vya zamani, vilivyoko kila mahali, na kwamba rekodi zao hazikuguswa. Tukamwamini. Lakini watu wenye kiu hawangoji maelezo ya watafiti.

Nikiwa bado nimeshika kichwa, mlango ukafunguliwa. Shangazi. Amevaa kitambaa shingoni, amemshika mumewe mkono. Hakuna aliyemwita. Akamwendea yule binti kwanza, akamshika shavu, mbele ya wote waliokuwa wakimlaumu. Kisha akaingia studio, akaketi kwenye kiti chake, akamketisha shemeji kwenye kiti cha mgeni, akanitazama kupitia kioo. Nikainua kidole.

Shemeji akaongea, kwa sauti ya mwalimu. "Habari za asubuhi. Mimi ni mume wa Shangazi. Ameketi hapa kando yangu na anaandika kwenye kiganja changu. Nitawasomea anachoandika. Tafadhali tulieni, mimi ni mzee na yeye anaandika vibaya."

Kisha kimya. Redioni kimya ni dhambi, kila aliyefundishwa kazi hii anajua. Siku ile nilikiacha. Kidole kilikuwa kinatembea kwenye kiganja, na mji mzima unangoja. Neno. Kimya. Neno.

"Sina... sauti. Daktari... ameiondoa... kuniokoa. Niliwaficha. Nisameheni. Mliyoisikia... si mimi. Maji... ni salama. Kunyweni."

Na baada ya kimya kirefu kuliko vyote: "Kuanzia leo... mkiisikia sauti yangu... redioni... si mimi."

Yule mwanamke ambaye hakutaka kuhurumiwa aliufungulia mji mzima mlango wa maumivu yake, ili mtoto wa mtu asinyweshwe maji ya mtaro. Watu wakaamini. Kabla ya adhuhuri mabomba yalikuwa yamefunguliwa kila mtaa.

Siku chache baadaye watafiti walimaliza kazi yao. Nilikuwepo pia sebuleni kwao. Dada akaandika kwenye simu, akabonyeza, na simu ikasema kwa sauti yake, ile ya nyumbani: "Chai yako inapoa." Shemeji hakusogea. Akasema, "Si yeye." Yule binti akainamisha kichwa. Shemeji akaongeza, "Lakini ni mtu aliyekaa naye sana. Mwacheni aendelee." Dada akaandika tena, simu ikasema, "Nimekaa na wewe sana pia, na bado sikuelewi." Shemeji akacheka mpaka chai ikamwagika.

Mkurugenzi wetu, sasa naomba nikutaje, na nakutaja kwa sifa. Ulikwenda kwa Shangazi ukamwomba sauti hiyo isome taarifa ya asubuhi. Ulikuwa na sababu. Wasikilizaji walimlilia, na binti aliyeshika zamu yake alikuwa anatukanwa kila siku eti si Shangazi. Shangazi akaandika, simu ikakujibu: "Ikikosea, utamwita nani ofisini kwako? Na niliwaambia watu wasiiamini. Nitawageuka?" Kiongozi mwingine angesema sauti hii ni mali ya redio. Wewe ulisema, "Nimekuelewa, dada," ukaweka sahihi kwamba sauti mpya ni ya nyumbani kwake, kwa siku zake zote, na rekodi yake ya kale haitarushwa bila kutajwa kuwa ya kale. Nakupongeza kwa kukubali kushindwa. Si wakubwa wengi wanaoweza.

Na yule binti wa zamu ya asubuhi? Kila siku, mpaka juzi, Shangazi alikuja akaketi kando yake studio, bila neno, akimwongoza kwa mkono: punguza mwendo, pumua, hapo sasa. Matusi yakakoma. Leo watu wanamwita Binamu.

Sisemi kwamba hofu imekwisha. Walioghushi sauti ile hawajajulikana bado, na kompyuta hazitarudi dukani. Lakini watafiti hawa sasa wanafanya kazi mbili kwa pamoja: kuwapa wagonjwa sauti, na kutafuta njia ya kuitambua sauti ya kughushi. Wodini yuko mzee anayesema kwa sauti aliyoazimwa na mwanawe wa kiume. Mwanawe ananiambia wanachanganywa kwenye simu, na kwamba hajawahi kufurahia kitu kama hicho.

Nimalizie. Jumapili iliyopita nilikwenda kwao kuwapa mwaliko wa sherehe hii. Mlango ulikuwa wazi, nikasikia ile sauti ya simu inamgombeza shemeji, nadhani kuhusu viatu. Shemeji akajibu jambo ambalo siwezi kulirudia mbele ya mgeni rasmi. Kisha simu ikanyamaza. Nikapiga hodi. Hakuna jibu. Nikapiga tena, nikachungulia.

Watafiti walikwisha kuniambia kwamba kucheka bado kumewashinda. Kompyuta inajua maneno yake, kicheko chake haikipati. Basi dada alikuwa ameiweka simu mezani, amejiinamia, machozi yanamtoka, hakuna sauti yoyote chumbani. Na shemeji, asiyeona, alikuwa ameuweka mkono wake kwenye bega la mkewe, bega linatikisika, uso wake umejaa nuru. Akainua mkono mwingine kunizuia.

"Shemeji," akaniambia, "ngoja kidogo. Bado anacheka."

Dada yangu, nenda salama. Mheshimiwa mgeni rasmi, mabibi na mabwana, asanteni sana kwa kumpa masikio yenu fundi mitambo.