Bembea Yenye Ufa

Ulisikia, ukajifanya unatazama dirishani. Ndani ya basi, fundi aliyeachishwa kazi bustani ya michezo ilipofungwa alikuwa amembana kwa maswali mpiga rangi aliyekaa kando yake. "Bembea ile ya bustanini niliikataa mimi mwenyewe, nguzo yake ina ufa. Si iliuzwa kama chuma chakavu?"

"Mzee wangu, shule imeinunua. Ufa nimeuziba kwa puti, nikapiga rangi. Inang'aa!"

"Hata maiti hupakwa marashi, kijana. Mwanao utampandisha?"

"Wangu mwoga wa kwenda juu," akajibu, akijichokoa rangi kwenye kucha.

Basi likasimama mbele ya shule. Watoto walikwishapanga foleni kwenye bembea. Wewe uliyesikia, shuka sasa hivi, kawatoe!