Meru Haujafunguka

Natangaza kwa heshima na taadhima kwamba mwanafunzi wa bweni hasikilizi mazungumzo ya wakubwa. Nilikuwa nimekaa tu dirishani, ndani ya Noah ya abiria iendayo Ngaramtoni, na masikio sikuyaacha nyumbani.

"Gadiel, Jackline anaolewa kesho," mama mwenye kilemba cha kijani alimwambia mwanamume aliyekaa kando yake. "Mwambie mume wangu ashuke mlimani."

"Mama Jackline, maombi hayakatishwi mpaka wingu litoke kileleni. Mwanzilishi wa kundi letu alipotea msituni akitafuta ng'ombe wake mtamba. Mlima Meru ukafunguka, wingu likatoka, akamwona. Tangu siku hiyo tunajua Mungu hujibu mlima ukiwa wazi."

"Mwezi wa saba huu! Wingu hukaa wiki nzima. Huyo Mungu wenu hajui baridi ya Arusha?"

"Wenzetu wamefumba macho huko juu. Mimi ndiye mlinzi wa kilele huku chini. Nikipata habari ya kilele, napiga simu."

"Basi kesho binti yangu atapelekwa kanisani na mtamba?" Sauti ikamkatika.

Hapo nikaguswa na roho, sijui ipi. Nikanyoosha kidole dirishani. "Kilele kile pale!"

Gadiel akabonyeza simu kabla hata ya kutazama. "Mzee, umefunguka! Shukeni!" Ndipo akainama dirishani. Meru ulikuwa umejifunika gubigubi.

"Kijana, kilele umekiona wapi?" akaniuliza.

Gari likasimama stendi.

"Sijakiona," nikakiri. "Nimedanganya. Nilimwonea mama huruma."

Mama akanikanyaga mguu kwa nguvu. Simu ya Gadiel ilikuwa bado hewani, na Mzee huko juu alikuwa akisikia.