Bi Tamima binti Saud na Alhamisi Zake za Picha

Masheikh wetu, wazee wetu, ndugu na majirani mliofika hapa Konde leo Jumatano, tarehe 19 Desemba 2018, na nyinyi mama zetu mlioko ndani mnaotusikia kwa spika, Assalaamu alaykum. Mimi ni Salem Ridha, mjukuu wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake kabla jeneza halijanyanyuliwa, kazi ambayo ningependa angepewa mwingine, lakini aliyekuwa akisimulia vizuri katika nyumba hii ndiye huyu tunayemzika.

Marehemu Bi Tamima binti Saud bin Humoud alizaliwa Msuka tarehe 12 Machi 1951, mtoto wa pili wa mzee Saud, ambaye wakati huo alikuwa na shamba kubwa la mikarafuu, na ambaye miaka ilivyokwenda alibakiwa na mikarafuu michache ya nyuma ya nyumba, jambo ambalo marehemu alilitaja mara chache na bila uchungu, akisema kwamba kivuli cha mkarafuu mmoja kinamtosha mtu mmoja.

Alihitimu Qur-ani Msuka akiwa mdogo, akasoma skuli ya msingi hapa Konde kuanzia mwaka 1958 hadi 1965. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1962, shangazi yake alimchukua Wete kwenye jumba la sinema, alasiri ya onesho la wanawake, akatazama picha ya Kihindi ambayo hakufahamu hata neno lake moja, akatoka macho yamemvimba. Alitueleza sisi wajukuu, zaidi ya mara moja, kwamba kilichomliza hakikuwa ile picha, kilichomliza ni kugeuka katika kiza kile na kuwaona wanawake wa kila namna, wa nyumba za mawe na wa nyumba za makuti, mwenye shamba na mchumaji wake, wote wanafuta machozi kwa ncha ya buibui kwa wakati mmoja.

Alisomea ualimu Unguja kuanzia mwaka 1969 hadi 1971, akarejea Konde na kufundisha ushoni na sayansi kimu mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 2011. Wengi wa mama waliomo ndani walishika sindano kwa mara ya kwanza mbele yake, na maharusi wengi wa Konde walikaa juu ya kiti cha harusi na mikono ya gauni waliyodhani ni mtindo mpya, kumbe Bi Tamima aliiona kwa malkia fulani wa kwenye picha, akaibeba kichwani miaka ishirini, akaikata kwa jicho tu.

Tarehe 8 Agosti 1975 alifunga ndoa na Nyange Vuai wa Chokocho, dereva wa chai maharage ya Konde na Wete, gari iliyokuwa ikiwashusha wasichana karibu na jumba la sinema na kuwasubiri mpaka picha iishe, hata siku ambazo hakukuwa na abiria wa kusubiriwa ila Bi Tamima. Ndoa hiyo haikukubaliwa upesi, walikuwapo wa upande wake waliosema kwamba binti Saud hawezi kushuka kutoka alikotoka na kupanda chai maharage, naye akawajibu kwa maneno ambayo bado yanasimuliwa, "Mie nishapanda, na gari ishaondoka." Mwenyezi Mungu aliwajaalia watoto wawili, Ridha, baba yangu, aliyezaliwa mwaka 1977 na anayeishi Maskati, na shangazi yangu Saada, aliyezaliwa mwaka 1980 na aliyemuuguza mpaka pumzi ya mwisho.

Ndugu waombolezaji, hapa nasoma jambo ambalo baadhi ya wazee walinishauri nilipite, lakini bila hilo hamtaelewa kwa nini bibi yangu aliipenda televisheni kuliko mwanawe alivyotarajia alipomletea. Babu yangu Nyange alifariki tarehe 14 Juni 1999, na yeye aliyewabeba wagonjwa wa Konde na maharusi wa Konde, alizikwa na nusu ya Konde, kwa sababu mwaka wa uchaguzi wa 1995 gari yake ilionekana imepakia watu wa chama kimoja, basi wa chama cha pili walibaki majumbani mwao, na jeneza likapita mbele ya milango iliyofungwa. Marehemu hakumlaumu mtu, alikaa eda yake, na alipotoka alimwambia shangazi Saada, "Hili, mwanangu, mie silitaki lirudi tena nyumbani kwangu."

Mwaka 2003 baba alileta dishi, la mwanzo katika mtaa huu, na ndani ya dishi hilo ikawamo chaneli ya Zumaridi, iliyokuwa ikionesha picha za kale tu, za Kihindi na za Kimisri, na kabla ya kila picha alitokea mzee mmoja mwenye tai ndogo ya kipepeo, akaieleza picha kama mtu anayemtambulisha mgeni kwa wenyeji, mama zetu wakamwita Babu wa Zumaridi na wakimwitikia salamu. Kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri, Bi Tamima alitandika mikeka chumba cha mbele, akatia kahawa na kashata, akafungua mlango kwa yeyote, wanawake ndani na wanaume barazani wakitazama dirishani, na sharti lake lilikuwa moja, viatu na vyama viachwe mlangoni. Aliyeteleza ulimi alitolewa, na alianza kwa kumtoa kaka yake mwenyewe.

Mnawajua Bi Mwatima na Bi Mwanapili, majirani wa ukuta mmoja, mmoja wa chama hiki na mmoja wa chama kile, ambao baada ya uchaguzi wa 2015 na ule wa marudio hawakuhudhuriana harusi wala msiba, wala hawakununua chumvi duka moja. Siku sita za wiki walipishana bila ya salamu, kama miti, na siku ya Alhamisi walikaa mkeka mmoja, goti kwa goti, mmoja akisema, "Shoga yako huyo kaolewa na jambazi tena, hana macho?" na wa pili akijibu, "Jambazi mwenye nyumba, yakhe, si kama yule wako wa kuimba mitini!" Picha ikiisha walivaa viatu vyao na kutoka bila ya kuagana, lakini walikuwa wamecheka, na bibi yangu akikusanya vikombe alikuwa akisema kwamba wiki imepata mshono.

Mapema mwaka huu kampuni yenye Zumaridi ilinunuliwa na kampuni kubwa zaidi, na wakubwa wapya walianza kupunguza. Alhamisi moja Babu wa Zumaridi hakutokea, hakuaga, picha ikaanza tu kama mgeni aliyesukumwa ndani, na mama zetu walidhani anaumwa wakamwombea dua, mpaka baba alipoeleza kutoka Maskati kwamba ameachishwa, yeye na wale waliokuwa wakichagua picha. Zikafuata picha zilezile kila mwezi, kisha matangazo ya sabuni yakaanza kuula mwisho wa picha, mtu anachomolewa jambia na hapohapo linatokea povu, hamjui amekufa au amepona. Mwezi Oktoba ukaanza kupita chini ya kioo utepe wa maandishi ya Kiarabu, na Bi Tamima aliyeusoma peke yake kwanza, alikaa nao moyoni kwa picha nzima kabla ya kuwaambia wenzake, kwamba Zumaridi itafungwa tarehe 31 Desemba.

Hakuna mlango ambao hawakuubisha. Walikwenda kwa sheha, naye aliwasikiliza kwa adabu, kisha akauliza nani hasa yuko nyuma ya mkusanyiko huu, kwa vile wanawake wa vyama viwili kuja pamoja lilikuwa jambo la kutiliwa shaka. Kila siku marehemu alipiga simu ya huduma kwa wateja, Dar es Salaam, akasikilizishwa muziki, akasubiri, na aliyepokea alimwita mama, akamwambia kwamba uamuzi umefanywa mbali sana na meza yake, na kwamba watu wa huko wanatazama idadi ya watazamaji tu.

Neno hilo moja lilimwingia bibi yangu kama mwiba. Aliwaza kwamba watu wote wa chumba cha mbele na wa barazani, kwa miaka kumi na tano, wamekuwa wakihesabiwa televisheni moja, na kwamba yeye, kwa mikeka yake na kahawa yake, ndiye aliyewaficha. Kwa kuwa siku hizi kila nyumba ya mtaa huu ina dishi, aliwaamuru wote watazame makwao, kila mtu na kioo chake, saa ileile na picha ileile, ili kampuni ione Konde nzima imewaka. Bi Mwanapili alimuuliza, "Sasa mie nicheke na nani?" Akajibiwa, "Ucheke na ukuta, mpaka mwaka upinduke."

Ikawa hivyo Alhamisi ya tarehe 22 Novemba, na ya tarehe 29, na ya tarehe 6 Desemba. Bi Mwatima ametueleza jana kwamba alicheka, akageuka kumtania jirani yake, akakuta kabati. Nyumba zote zilitoa muziki mmoja kupitia madirishani, na njia ikawa tupu, na kwa kuwa hakukuwa tena na Alhamisi ya kukaa goti kwa goti, siku saba zote zikawa za kupishana kama miti, hata mjukuu wa Bi Mwanapili alipolazwa kwa homa, Bi Mwatima alisikia dukani, na hakwenda kumtazama.

Baba yangu alipopata habari za mpango huu alikwenda kuuliza kwa wanaojua, na akaambiwa kwamba watazamaji huhesabiwa katika nyumba chache za miji mikubwa, kwa chombo maalumu, na kwamba dishi la Konde linapokea tu, halirudishi neno, huko waliko hawajui kama sisi tupo. Alipiga simu kumwambia mama yake alasiri ya tarehe 6 Desemba, simu ikaita mpaka ikakatika, akapiga tena.

Shangazi Saada, aliyekuwa amekwenda sokoni, alifika magharibi, akamkuta ameanguka kando ya televisheni iliyokuwa ikiendelea kuimba. Mikeka ilikuwa imetandikwa yote, mpaka ule wa mlangoni, na vikombe vimepangwa, kahawa imepoa. Madaktari walisema ni kiharusi, na walisema pia kwamba alikuwa amelala hapo muda mrefu, na majirani waliokuwa wakimpenda walikuwa kila mmoja nyumbani kwake, wakitekeleza agizo lake.

Alilazwa Wete, ulimi umefungwa na upande wa kulia umekufa. Bi Mwatima alikuwa akija asubuhi na Bi Mwanapili jioni, kwa mpango, wasikutane, mpaka Jumatatu ya tarehe 17 gari ya Konde ilipoharibika njiani na kuwakutanisha wote wawili kitandani. Wakakaa mmoja huku na mmoja huku ya kitanda, kisha Bi Mwanapili akaanza kumsimulia mgonjwa mwisho wa ile picha iliyokuwa ikioneshwa alipoanguka, kwamba yule kaka alikufa kwa sumu, na Bi Mwatima akashindwa kuvumilia, "Uongo huo, Mwanapili! Aliyekufa ni mpwa, kaka mtu kakimbia na farasi." "Farasi yupi, wee? Farasi aliuzwa mwanzo!" "Mie nina macho yangu!" Ukweli ni kwamba hakuna aliyeuona mwisho ule, ulikatwa na sabuni katika nyumba zote, lakini walibishana mpaka muuguzi akaja kuwanyamazisha, na shangazi Saada aliyekuwa miguuni pa kitanda anashuhudia kwamba nusu ya uso wa marehemu iliyobaki hai ilikuwa ikicheka. Jioni ile mama hao wawili walirudi Konde kwa gari mbili tofauti.

Bi Tamima alifariki jana, Jumanne tarehe 18 Desemba 2018, baada ya sala ya alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini na saba, ameacha watoto wawili na wajukuu watano. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Wete, hasa yule muuguzi aliyenyamazisha kelele na kisha akajifanya hakuzisikia zilipoanza tena, inawashukuru walimu wenzake wa skuli, wanafunzi wake, madereva waliotubeba, na majirani wote waliopika, waliochota maji na waliochimba kaburi. Milango yote ya njia hii iko wazi leo, tumeiona, na babu yangu Nyange hakuyapata haya. Lakini tumeona pia, kutoka hapa niliposimama, kwamba nyinyi mliokuja nyote mmekaa makundi mawili, na katikati ya makundi hayo imeachwa njia pana kiasi cha kupita jeneza.

Sisi hatuna nguvu ya kuirudisha Zumaridi, kama yeye alivyokosa, na aliyeifunga hatujui hata sura yake. Tarehe 31 itazimika, na Alhamisi ya kwanza ya mwaka, tarehe 3 Januari, kioo kitakuwa cheusi. Shangazi Saada atatandika mikeka yote baada ya alasiri na atatia kahawa, na hatujui kama atakuja mtu, tunaogopa kwamba hatakuja mtu, lakini ipo picha moja ambayo haijulikani aliyekufa ni kaka au ni mpwa, na mashahidi wake wawili wamo humo ndani wananisikia. Tunawaomba. Viatu na vyama, mlangoni.

Pumzika, bibi, kwa amani ileile uliyotukalisha.