Nyaya Mbili za Bi Waya

Baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi, fundi sauti wetu, Bi Waya, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Jina hilo tulimpa sisi wenyewe, naye akaliitikia hadi likamkaa. Siku hizi hata mumewe akipiga simu ofisini humuulizia Bi Waya.

Alianza kazi enzi za kurekodi kwa kanda. Kompyuta ilipoletwa, wengi wetu tuliitazama kwa mbali. Yeye alivua viatu, akaingia chini ya meza, na ni kama hajatoka huko hadi leo. Spika ikivuma kidogo tu, alichomoa plagi moja baada ya nyingine mpaka ampate mchawi, na mara nyingi mchawi alikuwa friji yetu. Soda za moto tumezinywa sana kwa ajili yake.

Kinanda alikiunganisha na kompyuta kwa nyaya mbili, iwe mvua iwe jua. Mmoja ulipeleka sauti. Wa pili uliieleza kompyuta ni kitufe gani kimebonyezwa, kwa nguvu gani, na kimeachiwa lini. Tulimtania kwamba anajaza kompyuta takataka. Alicheka, akaendelea na yake.

Baba yangu, mpiga kinanda wa studio hii, alirekodi hapa wimbo aliomtungia mama. Akafariki ghafla kabla hatujausikiliza. Tulipoufungua, kumbe waya wa sauti ulikuwa umelegea: mikwaruzo mitupu. Nililia kama mtoto. Bi Waya alivuta kiti, akarudisha ile mibonyezo ya baba iliyohifadhiwa kwenye kompyuta hadi kwenye kinanda kupitia waya wa pili, na kinanda kikaanza kupiga bila mtu. Pale baba alipozoea kukawia, kikakawia. Pale alipokosea, kikakosea.

Nilikwenda kumleta mama. Alisimama mlangoni akikitazama kiti kitupu mbele ya kinanda kilichokuwa kikipiga. Mwenzetu mmoja, kwa nia njema, akajitolea kulisahihisha lile kosa. Mama akamwomba asiliguse. Bila kosa lile, angejuaje kuwa ni mumewe? Bi Waya akauhifadhi wimbo ulivyo, akampa mama nakala.

Mama huufungulia akiwa anafagia. Ukifika penye kosa, husimamisha ufagio, akacheka peke yake.

Bi Waya, wenzako wote wanakushukuru kwa kazi. Mimi nakushukuru kwa kicheko hicho. Kapumzike kwa afya na raha, na nyumba yako isikose furaha.