Magoti kwa Wapiga Fidla

Pantoni ilikuwa katikati ya mto Kilombero. Scolastica, juu ya gunia lake la mpunga, alitega sikio.

"Yule Mzungu kiongozi wa wapiga fidla waliokuja kanisani kwetu alitugeuzia mgongo," mama mmoja alimwambia mzee wa Kiberege, "akaelekea altare, akainua mikono kama Padre kwenye Misa. Kanisa zima tukapiga magoti mpaka mwisho."

"Lo! Mama, ule si muziki wa kusikiliza tu?"

"Tungejuaje, mzee wangu? Alipomaliza akageuka. Tukangoja baraka. Akatuinamia!"

"Mzungu? Akawainamia ninyi?"

"Mpaka kiunoni!"

Mzee akavua kofia. "Sasa hapo nani alikuwa anamwabudu nani?"

Pantoni ikagonga ukingo. Scolastica akashuka akichechemea. Magoti yake yalikuwa bado yanauma.